Aliyenyimwa Viza Naye Ana Haki ya Kusikilizwa

Mabarazani kwetu, na hata ndani ya meli zitokazo Mkoani kuja Unguja, maneno "fulani kanyimwa viza" husemwa kwa sauti ya msiba. Wasikilizaji huitikia kama waitikiavyo taarifa ya mauti: poleni, ndivyo alivyoandikiwa. Kisha mazungumzo hugeukia bei ya karafuu. Leo tungependa kusema, kwa heshima ya wote wenye huzuni hiyo, kwamba uitikiaji huo si sahihi. Mauti ni amri ya Mwenyezi Mungu. Viza ni uamuzi wa ofisa aliyeketi mezani, akafuata sheria iliyotungwa na watu, akatia alama kwenye karatasi. Uamuzi wa namna hiyo una sababu, na kila chenye sababu kinaweza kuhojiwa.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Wete, mjane wa miaka sitini na miwili, mkulima wa karafuu na muhogo. Binti yake aliolewa Ulaya, na mwishoni mwa mwaka 2024 alikuwa akitarajia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Kila mtu wa visiwa hivi anaujua wajibu wa mama katika wakati kama huo: amkande mzazi, ampikie uji, amwangalie mtoto mpaka arubaini itimie. Mama huyo alipanda meli kuja Unguja, akavuka hadi Dar es Salaam, akatoa alama za vidole, akalipa ada ya viza, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90, kisha akarejea kwao kungoja.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Ilikuwa ni fomu, na kwenye orodha ya sababu ilitiwa alama sentensi moja: kwamba ipo shaka ya msingi juu ya nia yake ya kuondoka Ulaya kabla ya viza kwisha. Mtoto wa kaka yake, kijana wa skuli, aliisoma mistari ya juu akasema: "Shangazi, wamekukatalia." Mama akaipokea karatasi, akaikunja, akaiweka sandukuni chini ya kanga. Miezi mitatu baadaye mwalimu mmoja jirani, aliyefika kwa shughuli nyingine, aliomba kuiona. Ukurasa wa pili ulieleza kwamba aliyekataliwa anaweza kukata rufani, ukataja pahala pa kuipeleka, na ukasema muda wake ni mwezi mmoja. Muda huo ulikuwa umekwisha zamani. Mjukuu alikuwa ameshaanza kucheka.

Katika jambo hili la muda hakuna aliyemdhulumu mama huyu. Haki yake aliandikiwa, akaletewa mpaka nyumbani, ikakaa sandukuni mwake mpaka ikafa. Hilo ndilo lililotusukuma kuandika.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya hayana usawa tangu mwanzo. Ni kweli, wala hatuna haja ya kulificha. Mtalii kutoka nchi nyingi za Ulaya hushuka katika kiwanja cha ndege cha Abeid Amani Karume, hulipa dola 50 za viza, na jioni hiyo hiyo huwa anaoga baharini Nungwi. Mkulima wetu akitaka kwenda kwao huyo mtalii hutakiwa athibitishe fedha zake, makaazi yake, bima yake isiyopungua yuro 30,000, na hata nia iliyomo moyoni mwake. Lakini manung'uniko peke yake hayajafungua mlango wowote. Kila dola ina haki ya kulinda mipaka yake, na yetu inafanya hivyo pia. Linalodaiwa ni kwamba mlinzi wa mlango naye afuate sheria, aseme sababu ya kuzuia, na awepo mtu wa kumsahihisha anapokosea. Basi na tuitazame milango hiyo mmoja mmoja, maana haifanani.

Kwanza ni nchi za Schengen, ambazo sasa ni 29. Hizo zinaongozwa na Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009. Kifungu cha 32 cha kanuni hiyo kinaorodhesha sababu za kukataa, kinamtaka ofisa aitaje sababu yake kwa maandishi katika fomu maalumu, na kinampa aliyekataliwa haki ya kukata rufani dhidi ya nchi iliyotoa uamuzi wa mwisho, kwa utaratibu wa sheria za nchi hiyo. Kifungu cha 21 kinaongeza neno ambalo wengi wetu hatulijui: kukataliwa mara ya kwanza hakutoshi kuwa sababu ya kukataliwa mara ya pili. Ombi jipya ni lazima lipimwe kwa uzito wake lenyewe.

Haya si maneno ya karatasini tu, kwani yameshapimwa mahakamani. Mwaka 2013, katika shauri la raia mmoja wa Iran aliyenyimwa viza ya Ujerumani, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg iliamua kwamba ofisa hawezi kukataa kwa sababu isiyokuwamo katika orodha. Iliamua pia kwamba haihitajiki yakini kuwa mwombaji atarudi kwao. Kinachoulizwa ni kama ipo shaka ya msingi kwamba hatarudi. Mwaka 2017, katika shauri la raia wa Morocco aliyekataliwa na ubalozi mdogo wa Poland, mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba mwisho wa njia ya malalamiko ni lazima awepo hakimu. Ofisi haiwezi kuwa mshitakiwa na kadhi kwa wakati mmoja. Tukumbuke kwamba waliofungua mashauri hayo walikuwa watu wa kawaida tu, waliokataa kuikunja karatasi na kuiweka sandukuni.

Hata hivyo kila nchi ina njia yake, na njia hizo hubadilika. Kwa miaka mingi aliyenyimwa viza na balozi za Ujerumani aliweza kuandika barua ya kupinga, bila ya ada, na ofisi ile ile ikalitazama upya ombi lake. Tangu tarehe 1 Julai 2025 mlango huo umefungwa duniani kote. Uliobaki ni kufungua mashitaka katika Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja, kwa lugha ya Kijerumani, au kuomba upya. Ufaransa nayo, tangu tarehe 1 Januari 2023, imepunguza muda wa kuwasilisha malalamiko kutoka miezi miwili hadi siku 30. Malalamiko hayo hupelekwa Nantes, na ni sharti yatangulie kabla ya kwenda mbele ya mahakama. Kwa hiyo anayefuata ushauri wa jamaa aliyekata rufani miaka mitano iliyopita anaweza kujikuta anabisha hodi penye ukuta.

Uingereza ina mpango mwengine. Mwenye kwenda kuwazuru jamaa zake alikuwa na haki kamili ya rufani hadi tarehe 25 Juni 2013, ilipoondolewa. Leo mgeni wa matembezi aliyekataliwa hana rufani ya kawaida, isipokuwa penye hoja za haki za binadamu. Njia yake kubwa ni kuomba upya, na pale sheria ilipovunjwa waziwazi, kwenda mahakamani kwa msaada wa wakili. Mwanafunzi na mwenye kwenda kufanya kazi, kwa upande wao, wanaweza kudai mapitio ya kiutawala. Ada yake ni pauni 80, na muda wake kwa aliye nje ya Uingereza ni siku 28 tangu kupokea uamuzi. Faili hutazamwa na ofisa mwengine, naye hutafuta jambo moja tu: je, yule wa kwanza alikosea katika kuitumia sheria au katika kuusoma ushahidi uliokuwa mbele yake?

Hapa vijana wetu wengi hupotea njia. Mwanafunzi wa Uingereza hutakiwa fedha zake za kujikimu ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Ikiwa taarifa ya benki inaonyesha siku 30, na ofisa akaandika kwamba hazikufika 28, hilo ni kosa lake, na dawa yake ni mapitio. Lakini ikiwa siku ya kumi fedha zilitolewa kwa ajili ya harusi ya dada na zikarudishwa baadaye, ofisa hakukosea. Kulipa pauni 80 ili aambiwe tena lile lile ni kutupa fedha. Huyo na angoje siku zake zitimie, kisha aombe upya.

Marekani imefunga zaidi. Sheria yake ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), inawachukulia waombaji wengi wa viza za muda kuwa ni watu wanaotaka kuhamia, mpaka wao wenyewe wathibitishe vyengine. Anayekataliwa kwa kifungu hicho hana rufani. Huomba tena na kulipa tena. Mahakama za huko nazo hazipendi kuingia. Mwaka 1969 mwanauchumi wa Kimarx kutoka Ubelgiji, Ernest Mandel, alizuiwa kwenda kuzungumza katika vyuo vikuu vya Marekani. Wanachuo waliomwalika walilifikisha jambo hilo katika Mahakama Kuu ya nchi yao, na mwaka 1972 mahakama hiyo ilijibu kwamba maadamu serikali imetoa sababu ambayo kwa sura yake ni halali na ya nia njema, majaji hawatachungulia nyuma yake. Mwaka 2024 mahakama hiyo iliukaza msimamo huo, ikamwambia mke, raia wa Marekani, kwamba Katiba haimpi haki ya mumewe mgeni kuruhusiwa kuingia. Kama bwana mwenye umaarufu wa Mandel alikwama, basi na tujue kwamba kwa mlango ule silaha ya mwombaji ni matayarisho ya ombi la kwanza.

Ndugu msomaji, kutokana na hayo yote funzo la awali ni kusoma. Barua ya kukataliwa isomwe kama tulivyofundishwa chuoni kuusoma ubao, herufi kwa herufi, ukurasa wa mwanzo na wa mwisho. Atafutwe mtu anayeijua lugha, na siku ya kuipokea iandikwe juu yake, maana siku hiyo ndiyo saa inapoanza kuhesabu. Maswali ni matatu. Sababu iliyotajwa ni ipi? Je, ni kweli? Mlango uliobaki ni upi, na unafungwa lini?

Funzo la pili ni kuijibu sababu iliyotajwa, na kuacha mengine. Tumepata kuona nakala za barua za rufani zilizojaa machozi, na nyengine zilizojaa matusi. Zote mbili hazifai. Ofisa aliyeandika kwamba ana shaka na kurudi kwako hawezi kuondolewa shaka kwa kuambiwa kwamba wewe ni mcha Mungu, wala kwa kukumbushwa dhambi za ukoloni. Anaondolewa shaka kwa vitu: ardhi inayokungoja, mavuno yanayokungoja, watoto na wajukuu wanaokutegemea, kazi ambayo mwajiri amekuandikia tarehe ya kurudi. Na hapo ndipo tunapogundua umasikini wetu halisi. Mama wa Wete hakukosa mali, alikosa karatasi. Shamba la eka tatu alilopewa marehemu baba yake baada ya Mapinduzi ya 1964 analilima mpaka leo, lakini hati yake hakuwahi kuiambatanisha. Kila msimu huuza karafuu zake kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na stakabadhi zake hupewa, lakini alizifungia viungo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Funzo la tatu ni kuwakimbia vishoka. Wapo mitaani watu wanaojidai kuwa na "mtu wao" ubalozini, wauzao taarifa za benki za uongo na barua za kazi zisizokuwa na kazi. Hati ya uongo ni sababu ya kukataliwa inayojitegemea katika Kanuni ya Viza ya Ulaya. Uingereza humfungia milango kwa miaka 10 aliyedanganya katika ombi lake. Kijana wa miaka ishirini anayemlipa kishoka leo anaweza kuununua ujana wake wote kwa hasara. Kukataliwa kwa haki kunarekebishika; kukataliwa kwa uongo hukufuata.

Sasa tuwageukie maofisa wetu wenyewe, kwani sehemu kubwa ya rufani hizi huanza kuharibika katika madirisha ya hapa nyumbani. Mwananchi anaitwa Khamis katika pasi, Hamisi katika cheti cha kuzaliwa, na Khamisi katika hesabu ya benki. Ofisa wa ubalozi, asiyejua kwamba watatu hao ni mtu mmoja, ana haki ya kuuliza. Cheti cha ndoa kimeandikwa kwa haraka, jina la babu limeachwa. Barua ya sheha inasema tu kwamba "mtajwa ni mkaazi wangu", bila ya tarehe ya kuanza ukaazi, bila ya idadi ya wanaomtegemea, bila ya nambari ya simu ya kuulizia. Mwajiri anaandika kwamba mfanyakazi "ameruhusiwa kusafiri" na hasemi lini anatarajiwa kazini. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji fedha za bajeti. Linalohitajika ni ofisa kuelewa kwamba saini yake itasomwa na mgeni aliye mbali, asiyemjua yeye wala shehia yake, na kwamba juu ya saini hiyo limening'inia tumaini la mtu.

Muda nao ni amana. Mwenye siku 28 au mwezi mmoja wa kukata rufani akiambiwa "njoo wiki ijayo" mara tatu, haki yake imekwisha, na aliyeimaliza si balozi wa nchi ya kigeni. Tunashauri kwamba ofisi zitoazo vyeti na barua zimpe nafasi ya mbele mwananchi anayeonyesha karatasi yenye tarehe ya mwisho, kama vile hospitali inavyomtanguliza aliyezidiwa.

Na liko jambo moja zito zaidi, ambalo tunalisema kwa nia njema. Tunawadai wageni watupe sababu kwa maandishi, watuonyeshe pa kulalamika, na watutajie muda. Je, sisi kwa sisi tunapeana hayo? Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), inasema kwamba haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyengine ya kisheria. Hata hivyo yupo mwananchi aliyeomba kiwanja, au leseni, au uhamisho, akajibiwa kwa mkono tu: "Imeshindikana." Hakupewa karatasi. Hajui nani aliyeamua, kwa sababu gani, wala aende wapi. Mama wa Wete alikataliwa na wageni, lakini walau waliweka alama kwenye sababu na wakamwandikia njia ya kuipinga. Ofisa wa hapa asomaye maneno haya na ajiulize: waliotoka dirishani kwake wiki hii bila ya walichokitaka, walitoka na nini mkononi?

Tumalizie habari ya mama yetu. Mwalimu yule hakumwacha. Rufani ilikuwa imeshapitwa, lakini kuomba upya hakuna muda. Walikaa jioni tatu wakazitandaza karatasi juu ya jamvi: hati ya eka, stakabadhi za karafuu za misimu minne, vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu wawili anaowalea, barua mpya ya sheha iliyoandikwa sawasawa, hati ya mkwewe ya kugharimia safari, na maelezo ya ukurasa mmoja yaliyoijibu ile sentensi moja iliyotiwa alama mara ya kwanza. Waliikiri wazi kwamba aliwahi kukataliwa, kwa kuwa kuficha ni kujiharibia. Akapanda meli tena, akalipa ada tena. Safari hii alipewa siku thelathini.

Alipofika, mjukuu alikuwa anatembea. Arubaini ilikuwa imeshapita, na uji wa mzazi ulikuwa umepikwa na jirani wa nchi nyingine. Akakaa siku ishirini na sita, akarudi Wete kabla ya mavuno, kama alivyoandika kwamba atarudi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini ni kweli pia kwamba mhunzi aliyechelewa kuitengeneza koleo hupitwa na kazi. Basi anayepokea karatasi ya kukataliwa asiifiche sandukuni. Aifungue ukurasa wa pili, leo hii, na anayejua kusoma aliye karibu naye amsomee.